Helmeti, Shingo na Kichwa cha Mpwa Wangu

Najua niliahidi kwamba leo ningeleta sehemu ya pili ya yale mambo ya hifadhidata. Itakuja, msijali. Lakini juzi usiku dada yangu alinipigia simu kutoka Texas, na tangu hapo nikikaa mbele ya kompyuta naandika mistari mitatu nafuta miwili. Kwa hiyo leo mtanivumilia niongee juu ya kitu kingine kabisa: mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba kwa mikono na kuvaa helmeti.

Kisa ni hiki. Mpwa wangu ametimiza miaka 14 na anaingia sekondari. Huko Texas mpira huu ni kama dini, Ijumaa usiku mji mzima uko uwanjani. Kocha ameyaona mabega yake (ni ya ukoo wetu hayo) na anamtaka acheze upande wa ulinzi, yaani kazi yake iwe kumkimbilia mwenye mpira na kumbwaga chini. Mama yake hataki hata kusikia. Shemeji naye anataka, na ana hoja: siku hizi kuna sheria, ukimgonga mtu kwa helmeti unaadhibiwa, mchezo umekuwa salama.

Dada akaniambia, "Wewe ni mtu wa kompyuta na ulicheza raga. Hebu angalia hizo namba uniambie ukweli. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Basi nimekesha siku nne nikisoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuanze na helmeti yenyewe, maana watu wengi hudhani kazi yake ni kulinda ubongo. Sivyo. Helmeti ililetwa kuzuia fuvu lisipasuke, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Lakini chukua nazi uitikise karibu na sikio. Kifuu hakijapata hata ufa, na bado unasikia maji yanapiga huku na huku. Ubongo uko hivyo ndani ya kichwa. Unaweza kukifunika kifuu kwa plastiki ngumu upendavyo, maji ya ndani yatatikisika tu kichwa kikisimamishwa ghafla.

Mchezo huu ulikuwa unaua kabla ya hizo helmeti ngumu. Mwaka 1905 vijana waliokufa wakicheza walikuwa wengi kiasi kwamba Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton akawataka wausafishe mchezo wao. Mwaka uliofuata sheria zilibadilishwa, na pasi ya kurusha mpira mbele ikaruhusiwa ili wachezaji watawanyike badala ya kusukumana kwa rundo. Helmeti za ngozi zikaja polepole, za plastiki zikafuata kuanzia 1939, na ligi ya kulipwa, NFL, ikazifanya lazima mwaka 1943.

Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo mtengenezaji programu yeyote atalitambua. Unaongeza kinga, na mtumiaji anaanza kuitegemea kuliko ulivyokusudia. Mchezaji mwenye kichwa kitupu hawezi kutanguliza kichwa, ataumia. Ukimvisha gamba gumu lenye vyuma mbele ya uso, haogopi tena. Makocha wakaanza kufundisha vijana watangulize kichwa kifuani mwa mpinzani. Helmeti ikawa silaha.

Matokeo hayakuonekana kwenye fuvu. Yalionekana shingoni. Daktari mmoja wa Philadelphia, Joseph Torg, alianza kukusanya habari za wachezaji waliopooza mikono na miguu, na akaeleza namna inavyotokea. Ukisimama wima na kichwa juu, shingo ina mpindo wake wa kawaida, na misuli inasaidia kupokea kishindo. Ukiinamisha kichwa kidogo tu, ule mpindo unanyooka na pingili za shingo zinakuwa kama bomba lililosimama. Ukigonga kitu kwa utosi wakati huo, kichwa kinasimama, mwili unaendelea kuja kwa nyuma, na shingo inabanwa katikati.

Mwaka 1976 vyuo na sekondari za Marekani zikapiga marufuku kutanguliza kichwa katika kukaba. Kwa hesabu za Torg, vijana waliopooza kabisa mikono na miguu walikuwa 34 msimu wa 1976. Msimu wa 1984 walikuwa 5. Nilipofika hapo niliinuka nikaenda kuchemsha chai. Ni nadra sana mtu abadilishe mstari mmoja wa sheria, bila kifaa kipya wala dawa mpya, halafu namba ishuke hivyo.

Kwa hiyo shemeji ana haki katika hilo. Sheria ya helmeti inafanya kazi. Lakini inafanya kazi gani, na kwa nani? Nitarudi hapo.

Ligi ya kulipwa ilichelewa. Tarehe 12 Agosti 1978, kwenye mechi ya maandalizi mjini Oakland, Jack Tatum alimgonga Darryl Stingley wa New England aliyekuwa ameruka kudaka mpira. Stingley hakutembea tena mpaka alipofariki mwaka 2007. Refa hakurusha kibendera, kwa sababu kwa sheria za wakati ule hapakuwa na kosa. Hiyo ilikuwa mechi ya kujipasha moto tu, ambayo matokeo yake hayahesabiwi popote.

Miaka ikapita. Oktoba 2010, baada ya wikendi moja ya vishindo vya kutisha, ligi ilianza kutoza faini nzito. James Harrison wa Pittsburgh alitozwa dola 75,000 kwa kumgonga Mohamed Massaquoi wa Cleveland, akasema hadharani kwamba anafikiria kustaafu maana hajui tena acheze vipi. Mwaka 2013 wamiliki wa timu walipiga kura 31 kwa 1 kukataza kugonga kwa utosi katika eneo la wazi, hata kwa anayebeba mpira. Kisha mwaka 2018 ikaja sheria pana kuliko zote: mchezaji yeyote, wa upande wowote, akishusha kichwa na kuanzisha mgongano kwa helmeti, ni kosa. Adhabu ni yadi 15, na anaweza kutolewa nje.

Mashabiki waliwaka moto, na hoja zao zilikuwa tatu. Nitazichukua moja moja kwa sababu si za kipuuzi.

Ya kwanza: refa hawezi kuona. Watu wawili wanakutana kwa kasi, kila mmoja anashuka, tukio lote linaisha kabla hujapepesa jicho. Nani alishusha kichwa kwanza? Nani alianzisha? Kusema kweli, ukinipa sharti kama hilo niliandikie programu nitakurudishia nikuulize maswali kumi. Na hilo ndilo lililotokea. Agosti 2018, kwenye mechi za maandalizi, vibendera viliruka ovyo, zaidi ya 50 ndani ya wiki chache. Mwezi haujaisha, kamati ya sheria ikatoa ufafanuzi kwamba kugusana kwa bahati mbaya si kosa. Msimu wenyewe ulipoanza, vibendera vya kosa hilo vikawa vya kuhesabu.

Watu wakasema, mnaona, sheria imekufa. Mimi naona tofauti. Katika mfumo wowote kuna ukaguzi wa papo hapo na kuna ukaguzi wa baadaye, pale unapokaa na kumbukumbu za mfumo ukatazama kilichotokea. Refa ni wa papo hapo, atakosea. Lakini siku chache baadaye ofisi ya ligi inatazama video kutoka kila upande, na faini inatoka hata kama kibendera hakikurushwa. Halafu kuna la tatu, kubwa kuliko yote mawili: kocha anabadilisha anachofundisha. Ile sheria ya 1976 haikuwaokoa vijana kwa sababu marefa walikuwa na macho makali. Iliwaokoa kwa sababu mwalimu wa mazoezi alikoma kusema "weka kichwa".

Hoja ya pili: haiwezekani kucheza hivyo, shabaha inasogea. Mkabaji amelenga kifua, mbeba mpira anainama, helmeti zinakutana. Ni kweli, inatokea, na ndiyo maana sheria inawahusu wote wawili. Lakini anayesema haiwezekani kukaba bila kichwa aje atazame raga. Sisi huku hatuna helmeti. Unakaba kwa bega, kichwa unakiweka pembeni, mikono inafunga miguu. Mwaka 2014 timu ya Seattle, ambayo ilikuwa imetoka kunyakua ubingwa, ilitoa video kufundisha makocha ukabaji wa bega uliochukuliwa kutoka raga. Na Mkenya mwenzetu Daniel Adongo alitoka kwenye raga akaingia Indianapolis Colts mwaka 2013. Si kwamba raga ni salama, nitawaambia sasa hivi kwamba si salama. Ninachosema ni kwamba mwili wa binadamu unaweza kufunzwa.

Hoja ya tatu: ni watu wazima, wanalipwa, wanajua hatari. Hii ndiyo iliyonikalia kifuani. Je, walijua?

Mwaka 2002 alifariki Mike Webster, aliyekuwa mtu wa katikati wa mstari wa mbele wa Pittsburgh na bingwa mara nne. Alikufa na miaka 50, akiwa amechanganyikiwa, miaka yake ya mwisho mara nyingine akilala kwenye gari. Aliyempasua ni daktari kijana kutoka Nigeria, Bennet Omalu, ambaye hata mchezo wenyewe hakuwa akiufuatilia. Kwa macho ubongo ulionekana wa kawaida. Omalu hakuridhika, akaukata vipande vyembamba akavitazama kwa darubini, akakuta protini iliyojikusanya mahali isipopaswa kuwa. Ugonjwa huo huitwa CTE. Alichapisha mwaka 2005, na madaktari wa kamati ya ligi wakaandika kutaka makala yake ifutwe. Mwenyekiti wa kwanza wa kamati hiyo ya mitikisiko ya ubongo, iliyoundwa mwaka 1994, alikuwa daktari wa magonjwa ya viungo na baridi yabisi. Mtu hawezi kukubali hatari ambayo wenye mchezo wanaikana.

Na Webster ndiye anayevuruga hoja ya shemeji. Mtu wa mstari wa mbele hakimbii yadi 20 akagongana na mtu hewani. Yeye anasimama hatua moja kutoka kwa mpinzani na kila mchezo ukianza wanagongana. Tap. Tap. Tap. Vishindo vidogo, maelfu kwa maelfu, vingi havimwangushi mtu wala havionyeshi dalili. Hakuna kibendera kwa vishindo hivyo. Hakuna marudio kwenye televisheni. Watafiti wa Boston waliendelea na kazi hiyo, na wanachokiona ni kwamba hatari ya CTE hupanda pamoja na miaka ya kucheza, si kwa idadi ya mitikisiko iliyoandikwa hospitalini peke yake.

(Mtakuwa mmesikia kwamba bongo 110 kati ya 111 za wachezaji wa NFL zilikutwa na ugonjwa huo. Ni kweli, ilichapishwa 2017. Lakini msiisome kana kwamba ni asilimia 99 ya wachezaji wote. Bongo hizo zilitolewa na familia, nyingi zikiwa tayari zimeona mtu wao akibadilika. Ukipima simu zilizoletwa kwa fundi tu utadhani kila simu mjini imeharibika. Hata hivyo, 110 ni 110.)

Sasa rudini kwenye swali langu: sheria ya helmeti inafanya kazi gani, na kwa nani? Inalinda shingo, na anayelindwa kwanza ni yule anayegonga. Tarehe 4 Desemba 2017 Ryan Shazier wa Pittsburgh alikwenda kumkaba mtu mjini Cincinnati, kichwa chini. Aliyekabwa aliinuka. Shazier hakuhisi miguu yake. Amejifunza kutembea tena kwa taabu, lakini hakucheza tena. Alikuwa mlinzi wa mstari wa pili, kazi ileile kocha anayotaka kumpa mpwa wangu. Watu wanapolia kwamba sheria inawapendelea washambuliaji, nawaza: huyu ndiye iliyeandikiwa.

Kwa ubongo inasaidia kiasi. Ligi ilihesabu mitikisiko 281 mwaka 2017, na mwaka 2018 ikawa 214. Lakini mwaka huohuo walibadilisha pia mpira wa kuanzia, na wakazikataza baadhi ya helmeti za zamani. Ukirekebisha vitu vitatu kwa toleo moja, usiniambie kwa uhakika ni kipi kilichoondoa hitilafu. Mwaka 2024 walikuwa 182, idadi ndogo kuliko zote tangu 2015, na mwaka huo tena walikuwa wamepanga upya mpira wa kuanzia ili watu wasije wakikimbiliana kutoka mbali. Hilo lina mantiki ya fizikia ya kidato: ukiongeza kasi mara mbili, nishati inaongezeka mara nne.

Kwa vile vishindo vidogo, kinachosaidia ni kuvipunguza idadi. Basi. Na vingi havitokei siku ya mechi, hutokea mazoezini. Ndiyo maana mkataba wa wachezaji wa 2011 uliweka kikomo cha mazoezi 14 ya kuvaa vifaa kamili kwa msimu, na vyuo vya Ivy League mwaka 2016 viliondoa kabisa kukabana katika mazoezi ya msimu. Sheria hizi hazina bendera na hakuna anayezigombania baa, lakini naamini ndizo zinazogusa ubongo.

Niliahidi kusema kuhusu raga. Nikiwa kidato cha tatu nilicheza namba saba. Mechi moja, dakika za mwisho za kipindi cha kwanza, nilikosea nikaweka kichwa upande mbaya, goti la mtu likanipata kwenye kipaji. Nakumbuka nyasi. Nakumbuka chupa ya maji, yale tuliyoyaita maji ya uchawi: unamwagiwa kichwani, unapigwa makofi mgongoni, unarudi. Nilirudi. Wananiambia nilicheza vizuri na nilikaba watu watano kipindi cha pili. Mimi kipindi hicho sina. Hakipo. Nimekitafuta kwa zaidi ya miaka 20 kama faili lililofutwa. Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hiyo kama kichekesho, na watu walicheka.

Halafu mwaka 2022 nikamwona Tua Tagovailoa wa Miami akipepesuka uwanjani tarehe 25 Septemba, akarudishwa mchezoni, na siku nne baadaye akaangushwa vidole vikiwa vimekakamaa hewani. Ligi ilibadilisha utaratibu mwezi uliofuata, kwamba mtu akipepesuka harudi. Nilizima televisheni. Haikuwa kichekesho tena.

Hili la kurudi mchezoni lina sheria yake Marekani. Mwaka 2006 mvulana wa miaka 13 wa jimbo la Washington, Zackery Lystedt, alirudishwa uwanjani baada ya kugonga kichwa, akanusurika kifo chupuchupu na kubaki na ulemavu. Mwaka 2009 jimbo hilo likapitisha sheria kwamba kijana anayeshukiwa kutikiswa ubongo atolewe, na asirudi mpaka mtaalamu wa afya amruhusu kwa maandishi. Kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za namna hiyo.

Basi nilimpigia dada jana. Sikumwambia ndiyo wala hapana, mtoto ni wao. Nilimpa maswali matatu ya kumuuliza kocha, na nikamwambia asikubali jibu la tabasamu.

1. Kwa wiki, vijana wanakabana kwa nguvu dakika ngapi? Kama hajui idadi, hahesabu.
2. Mtoto akigongwa kichwa, nani anaamua atoke? Kama ni kocha anayetaka kushinda, hapana. Awepo mtu wa afya ambaye kocha hawezi kumpinga.
3. Anafundisha kukaba vipi? Aonyeshe kwa vitendo. Kichwa juu, macho mbele, bega ndilo linalogonga.

Nikamwambia pia kuna ule mchezo wa kuchomoa kitambaa kiunoni badala ya kubwagana, ambao umeingizwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028. Miaka miwili ya huo haitampunguzia kijana kitu, na kichwa chake kitakuwa kimepata miaka miwili ya kukua kwa amani.

Shemeji alikuwa anasikiliza. Akasema, "Lakini sheria ya helmeti ni nzuri." Nikamwambia ni nzuri sana, shemeji, ni miongoni mwa viraka bora nilivyowahi kuona. Lakini kiraka hufunga tundu kilichoshonewa. Hiki kilishonewa shingo.

Kisha mpwa akaichukua simu. "Mjomba, si wewe pia ulicheza?"

Nikamwambia ndiyo, nilicheza, na niliipenda raga kuliko masomo. Nikamsimulia juu ya kile kipindi cha pili. Hakucheka. Aliuliza tu, "Na hukumwambia mtu?"

Sikumwambia mtu. Nilikuwa nataka kucheza Jumamosi iliyofuata.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema atamuuliza kocha yeye mwenyewe yale maswali. Wataonana naye Jumatatu.

Hifadhidata wiki ijayo, Mungu akipenda.